Damu ya Waumini Haidai Mahakama ya Kijeshi

Jioni ya tarehe 17 Agosti 2015, bomu lililofichwa katika mkoba lililipuka kwenye madhabahu ya Erawan, katika njiapanda ya Ratchaprasong mjini Bangkok. Watu 20 waliuawa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa walikuwa wageni kutoka Uchina, Malaysia na kwingineko. Watu hufika hapo na maua na ubani mbele ya sanamu ya Brahma. Wengi wetu hatuombi kwa namna yao. Hata hivyo, auawaye mahali pa sala ni ndugu yetu, na aliyelitega bomu lile alitenda unyama usio na udhuru.

Twauliza: je, wafiwa wametendewa haki?

Wakati huo Thailand ilitawaliwa na wanajeshi walioipindua serikali Mei 2014. Kabla ya mwezi Agosti kwisha, mkuu wa polisi alitangaza kuwa zawadi ya baht milioni 3 ingewaendea polisi wenyewe, ilhali hakuna shahidi hata mmoja aliyekuwa amesikilizwa. Wanaume wawili wa kabila la Uyghur kutoka Uchina walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwaka 2016 walikana mashtaka, na mmoja wao akadai aliteswa ili akiri. Kesi ikakwama mara kwa mara kwa ukosefu wa mkalimani. Mwaka 2019 ilihamishiwa mahakama ya kiraia. Mwaka 2022, miaka saba baada ya mlipuko, ushahidi ulikuwa bado unasikilizwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ikiwa wale wawili ndio wahalifu, wafiwa wamecheleweshewa hukumu. Ikiwa sio, wauaji wamepewa miaka ya kutoweka.

Msiseme, ndugu, kwamba Bangkok ni mbali. Tarehe 30 Septemba 2012, guruneti lilimuua mtoto katika shule ya Jumapili ya kanisa la St Polycarp, Nairobi. Kabla ya machozi kukauka, watu waliwavamia majirani Wasomali wasio na hatia. Aprili 2014, serikali iliwasaka maelfu ya watu na kuwazuilia wengi katika uwanja wa Kasarani, na wengi hawakusomewa shtaka lolote. Hasira, hasara.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kesi isiyocheleweshwa bila sababu, na mkalimani asiyelipiwa naye. Kifungu cha 25 chakataza haki hiyo kupunguzwa. Hatukuipigania Katiba hiyo ili tuikunje siku ya msiba.

Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, lakini haikumlilia mtu yeyote asiye Kaini. Basi tunapowaombea marehemu makanisani, tudai pia mahakama iliyo wazi, tuketi humo na kusikiliza, na tumkatae mtawala yeyote atakayetumia majonzi yetu kuifunga milango yake.