Gofu ya Kwa Mathias ianzie karibu na shimo

Wacheza gofu wa Dar es Salaam wanaokwenda kushindana Morogoro Gymkhana hutupita hapa Kwa Mathias, Kibaha, asubuhi na mapema, mikoba yao imelala kwenye buti za magari. Sisi uwanja wa gofu hatuna, na sioni tukiupata karibuni. Mashimo 18 yanakula ardhi, maji na fedha, na huku Kibaha kila kipande cha ardhi kina mtu anayetaka kusimamisha nyumba. Lakini kungoja uwanja ndipo watoto waanze ni kujichelewesha bure. Sehemu ya gofu inayowatoa jasho hata wakubwa, ile ya kuanzia mita 30 hadi mpira uingie shimoni, inafundishika kwenye uwanja wowote wa shule.

Nimebeba mikoba ya watu kwa miaka mingi, na kedi huona asiyoyaona mwenye mkoba. Anayepiga mbali hushangiliwa. Akikaribia shimo, kelele zinakwisha: mpira huu unavuka ng'ambo, unaofuata unaishia nusu ya njia. Nilipenda kumbebea mzee mmoja mstaafu, kitambi mbele, goti bovu. Mkwaju wake wa kwanza ulikuwa mfupi wa kuchekesha, ila ulikwenda katikati. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu aliuviringisha taratibu hadi hatua mbili kutoka shimoni, akausukuma ndani, akaniambia, "Andika nne, mwanangu." Vijana waliomcheka asubuhi ndio waliomnunulia soda jioni.

Hesabu zenyewe ziko wazi. Uwanja wa pa 72 ni ule ambao mchezaji mzuri anatarajiwa kuumaliza kwa mikwaju 72, na katika hiyo kila shimo limetengewa miwili ya kusukuma mpira kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Miwili mara 18 ni 36. Nusu nzima ya pa inapatikana pale ambapo nguvu za mabega hazihitajiki hata kidogo, mbele ya shimo lenye upana wa milimita 108.

Wapo watakaonipinga, tena kwa takwimu. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, amechambua mikwaju ya wachezaji wa kulipwa akaonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya tofauti kati ya walio bora na wengine hutokana na mikwaju ya mbali. Simbishii. Ila amewapima watu ambao mchezo wa karibu wameshaumeza wote. Mtoto wa darasa la sita anayeshika fimbo leo hayumo katika hesabu hiyo, na akiachiwa apige mbali uwanjani kwetu, mpira wa gramu 46 utatua kwenye bati la jirani.

Zaidi ya hapo, swingi kubwa huzaliwa na ndogo. Ninavyowafundisha vijana hapa ni hivi. Nachora mstari kwenye mchanga kwa kijiti, naweka mpira juu yake. Miguu ibane, uzito ulale mguu wa kushoto kwa anayepiga kwa kulia, mikono itangulie mpira kidogo. Fimbo ishikwe kwa ulegevu ambao mwenzako akiivuta itatoka. Kisha piga, mikono na kifua vikienda pamoja, kiwiko na kifundo cha mkono visivunjike. Baada ya hapo mpira hatuutazami, tunainama kutazama mchanga. Kama fimbo imekwangua mbele ya mstari, umeugusa mpira kwanza, ardhi baadaye. Kama imekwangua nyuma, ulitaka kuunyanyua mpira kwa mikono, kazi ambayo tayari inafanywa na mlalo wa uso wa fimbo. Mchanga haumpendelei mtu.

Na ardhi yetu ngumu, yenye majani ya kuhesabu, ina masharti yake. Ile fimbo ya kurusha juu, yenye kitako kipana, ikigonga ardhi kavu inadunda na kuupiga mpira kichwani. Chukua fimbo ya chuma namba 7 au 8, mpira utue karibu na kuviringika umbali uliobaki. "Kocha, mbona haupai?" dogo mmoja aliniuliza. Nikamwambia ausubiri. Ulisimama kando ya kopo tulilofukia kuwa shimo, na tangu hapo namba 7 anaificha asiichukue mwingine.

Habari ya kwamba gofu ni ya matajiri ina ukweli wake, lakini inatiwa chumvi. Sheria inasema fimbo zisizidi 14, haijasema zisipungue. Seve Ballesteros, Mhispania aliyetwaa mataji makubwa matano, alianza utotoni na chuma namba 3 kimoja, akikichezea kwenye mchanga wa pwani ya kijiji chao cha Pedreña. Hakuna aliyemtaka kwanza alete mkoba kamili.

Wala Kibaha si mgeni wa michezo. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, amejenga shule zake hapa Mkuza. Riadha ilipata kituo huku bila kungoja uwanja wa taifa usogezwe.

Kwa hiyo ombi langu kwa Chama cha Gofu Tanzania na halmashauri yetu si mashimo 18. Ni kona moja tu kwenye viwanja vya shule, iliyosawazishwa na kumwagiwa maji, yenye mashimo mawili matatu, na kocha wa kuja mara moja kwa wiki. Nanyi mnaotupita kwenda Morogoro, vile vyuma namba 7 vilivyoota kutu stoo baada ya kununua vipya, vileteni. Vijana wa kuvishika wapo.