Fundi wa Voi na namba ya Nairobi

Wasomaji, leo naweka programu kando kidogo, nina lalamiko.

Mwezi jana kipakatalishi changu kilikataa kuwaka. Nikakipeleka duka moja hapa Nairobi, nikapewa namba na kuambiwa "tutakupigia". Siku 9 kimya. Nilipokwenda, kijana wa kaunta akaniuliza tatizo ni nini, kana kwamba hajawahi kuniona. Nikakichukua vile vile.

Wikendi nikaenda nacho nyumbani, Voi. Fundi wa karibu na steji alikifungua mbele yangu, akanionyesha tundu la chaji lililolegea, akalitia lehemu. Shilingi 500. "Kikisumbua tena, mwambie mama anipitie."

Wengi watasema watu wa miji midogo wana roho nzuri. Mimi sikubali. Fundi yule anajua kwetu. Akiniharibia, habari itafika sokoni kabla ya jioni. Yule wa Nairobi kesho ana mteja mwingine. (Tuseme kweli pia: ningehitaji skrini mpya, Voi ningesubiri itoke huko huko Nairobi kwa basi.)

Kinachoniuma ni kwamba zile namba ni kazi yetu sisi waandika programu. Mwaka 2023 niliuandikia duka jingine mfumo kama huo: namba, tarehe, bei. Kulikuwa na nafasi ya kuandika maneno ya mteja. Mwenye duka akasema inapoteza muda, nami nikaifuta bila hata kubisha.

Jumatatu nitampigia simu.