Nani Ameziba Lukuga?

Muhula uliopita palikuwa na mjadala darasani kwetu juu ya maji ya ziwa Tanganyika, na mimi nikashindwa. Nilishindwa kwa makofi wala si kwa hoja, na kwa kuwa gazeti halipigi makofi, naomba nafasi niyaseme tena niliyoyasema siku ile.

Mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba Wakongo wameuziba mto Lukuga kwa makusudi, ndiyo sababu maji yamepanda Gatumba na Kibenga na kuwatoa watu majumbani mwao. Darasa zima likashangilia. Maneno hayo si mageni. Hapa Nyakabiga utayasikia kwa kinyozi na dukani, na shangazi yangu, aliyehamia kwetu kutoka Gatumba mwezi wa Aprili 2020, mto Rusizi ulipovunja kingo zake, huyasema hata leo. Simlaumu. Mtu aliyeiona nyumba yake imesimama ndani ya maji hutafuta aliyemtendea. Lakini sisi tuliofundishwa kusoma ramani yatupasa kuitazama kwanza.

Ni kweli kwamba Lukuga ndio mto wa pekee unaotoa maji ziwani. Waanzia Kalemie, upande wa Kongo, ukaenda kuingia mto Lualaba. Ni kweli pia kwamba mlango huo hauko mikononi mwetu: katika kila sehemu 100 za ziwa, Kongo ina 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Lakini maji ya ziwa moja hulingana pande zote. Mwaka 2024, yalipopanda hata kukaribia kiwango kile cha 1964, yaliingia Uvira na Kalemie kama yalivyoingia kwetu. Nani aliyewahi kuufunga mlango ili ajizamishe mwenyewe? Swali hili nililiuliza siku ile, wala sikujibiwa.

Tena, hesabu. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba kama 32,900. Ukitaka kulishusha kwa sentimita 1 tu, hapana budi utoe mita za ujazo milioni 329, na mvua isinyeshe tone wakati huo. Katika maji yote yanayotoka ziwani kwa mwaka, zaidi ya sehemu 9 katika 10 hayapiti Lukuga kabisa. Hupanda angani kwa mvuke. Kwa hiyo wanaolipandisha na kulishusha ziwa letu hasa ni wawili, mvua na jua, na hao wawili ndio waliobadilika tabia. Mwaka 2019 bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipata joto kupita desturi, kama ilivyopata mwaka 1961, na mara zote mbili mvua kubwa zikafuata. Ziwa Victoria nalo lilipanda nyakati hizo hizo, nalo halina Lukuga. Dunia sasa ina joto kuliko zamani, na kwa kila digrii 1 hewa hubeba mvuke zaidi kwa karibu sehemu 7 katika 100. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa fujo. Joto hilo hilo, katika miaka ya ukame, hulinyonya ziwa. Basi tutegemee kupanda na kushuka, yote mawili.

Hata hivyo sitaki kumdhulumu mwenzangu. Lukuga huziba kweli, ila hauhitaji mtu wa kuuziba. Mwaka 1876 Stanley alifika pale akakuta matete na tope vimeukaba. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa likajivunjia njia, na mwaka 1879 Mwingereza Hore akaukuta mto ukienda kwa nguvu. Ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Aliyewahi kufika Ujiji ataelewa: mahali pa ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, leo pako mbali na ufuko. Wala hapakuwa na serikali ya Kongo wakati huo ya kulaumiwa.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, ambalo darasani sikupewa dakika za kulieleza. Katikati ya miaka ya 2000 ziwa lilikuwa limeshuka, na waliolia walikuwa watu wa bandari. Tanzania ikataka pajengwe kizuizi Lukuga ili maji yasiendelee kutoka. Maji yalipopanda, sisi wa Bujumbura tukataka mto uzibuliwe. Kongo imsikilize nani? Na wale wanaokaa kando ya Lukuga, wakifunguliwa maji ghafula, watamlilia nani? Mlango mmoja, na kila mwenye nyumba ataka uwe wazi au ufungwe kwa kadiri ya shida yake ya mwaka huu.

Kuna mkataba juu ya ziwa hili, uliotiwa sahihi na nchi zote nne Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya ziwa Tanganyika ina makao yake makuu papa hapa Bujumbura. Katika darasa la watu zaidi ya hamsini niliuliza nani aliyewahi kuusikia mkataba huo, ikainuka mikono miwili, mmoja wao wangu. Kwa maoni yangu mkataba huo ungepaswa kututaabisha kuliko Lukuga. Nchi nne zikae zikubaliane kimo cha maji, cha juu na cha chini, zikubaliane nani atalipia kazi ya Kalemie, na mwenye kudhurika alipwe. Bila hayo, kila mafuriko yatazaa adui mpya, na mpaka wa Gatumba hauhitaji sababu nyingine ya chuki.

Lakini tutaketi mezani na uso gani? Nendeni mkasimame kwenye daraja la Ntahangwa siku ya mvua. Tope jekundu, mifuko, viatu, migomba mizima, vyote vyaelekea ziwani, na baadhi ya takataka hizo zatoka katika nyumba zetu za Nyakabiga. Nimewaona watu wakizimwaga korongoni usiku, na wengine nawajua. Sisemi kwamba tope la Ntahangwa ndilo lililopandisha ziwa lenye kina cha mita 1,470. Hilo lingekuwa kosa la aina ile ile ya mwenzangu. Nasema tu kwamba tunamtaka jirani asafishe mto wake, na wa kwetu ni huu. Hali kadhalika sheria yetu ya maji ya 2012 yataka mita 150 ziachwe wazi kando ya ziwa. Hesabuni wenyewe nyumba zilizomo ndani ya mita hizo, na si za maskini wote.

Kwa wanafunzi wa zamani nina ombi. Wengine wenu mwafanya kazi Uvira, Kalemie, Kigoma, na yasemekana mmoja yuko Mpulungu. Tafadhali tuandikieni mara moja kwa mwezi mahali maji yalipofika, kwenye ngazi ya gati au kwenye mti mnaoujua. Sisi tutapima hapa Bujumbura kila Jumamosi ya kwanza, na mwalimu wa jiografia amekubali kutupa ukuta wa darasa tubandike karatasi. Mwenzangu niliyeshindana naye ndiye atakayeshika daftari.