Eti Daktari Haulizwi

Kuna adabu moja tuliyolelewa nayo ambayo mimi siitaki tena, nayo ni ile ya kunyamaza mbele ya daktari. Tumefundishwa kwamba mgonjwa mwema ni yule anayeinamisha kichwa, anayejibu "ndiyo daktari" kwa kila neno, kisha akapokea cheti chake na kutoka kinyumenyume kama anayeagana na mfalme. Akiuliza, huyo mjuaji. Akiuliza mara ya pili, mkorofi. Na akitoa karatasi yenye maswali aliyoyaandika nyumbani kwake, basi huyo ana lake jambo. Pengine katumwa na mwanasheria.

Ubaya wa adabu hiyo hauonekani sana mtu akiwa na mafua. Huonekana siku unapoambiwa kwamba mfupa wa paja lako utakatwa kichwa na mahali pake patiwe chuma.

Kwa ambaye hajapata kuelezwa, kazi yenyewe ni hivi. Nyonga ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe kimo katika mfupa wa kiuno. Baina yake kuna gegedu, laini kama nyama ya dafu, ndilo linalofanya mtu atembee pasipo kusikia mfupa ukigusa mfupa. Gegedu likilika, mguu unauma hata ukiwa umelala. Sababu ziko nyingi: umri, ajali ya barabarani, na huku kwetu ugonjwa wa selimundu, ambao huzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa hadi kikafa na kubonyea, hata kwa kijana wa miaka 20. Daktari mpasuaji hukata kichwa kile kibovu, huingiza ndani ya mfupa wa paja shina la chuma lenye tufe jipya, huchonga kikombe cha zamani na kupachika kipya. Ukimwona akifanya kazi hiyo, kwa nyundo, keekee na msumeno, utadhani ni seremala.

Sina ugomvi na upasuaji huu. Ni katika mambo mazuri ambayo utabibu umewahi kumfanyia binadamu. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa, kati ya nyonga bandia 100, kama 58 hudumu miaka 25. Ugomvi wangu ni na wale wanaotaka niingie humo kimya kama kondoo.

Wa kwanza katika hao alikuwa mpwa wangu mwenyewe, kijana msomi, tena mwenye huruma. Nilipopangiwa kufanyiwa nyonga ya kushoto, akanikuta barazani nina daftari la shule la kurasa 40, naandika. Aliposoma ukurasa wa kwanza akashtuka. "Shangazi, daktari bingwa haulizwi mambo haya. Ataona unamdharau, halafu atakufanyia kwa hasira." Ndugu msomaji, yatafakari maneno hayo. Kijana aliniambia nimkabidhi mguu wangu mtu ambaye, kwa imani yake yeye kijana, anaweza kunikata vibaya kwa sababu nimemuuliza idadi ya nyonga alizokwisha kubadilisha. Kama imani hiyo ni kweli, basi dawa yake ni kumkimbia daktari huyo, si kumficha daftari. Na kama si kweli, mbona tunawasingizia madaktari wetu?

Hoja yao kubwa ni kwamba daktari amesoma na mimi sikusoma. Naam, amesoma. Ndiyo maana namuuliza yeye na simuulizi muuza mkaa. Lakini hata hao waliosoma kuliko wote wamewahi kukosea, na waliokosea kwa heshima ni wale waliokubali kuulizwa na kujiuliza. Sir John Charnley, Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington, ndiye baba wa nyonga bandia tunayoijua leo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutengeneza vikombe kwa plastiki iitwayo Teflon, ile ile inayopakwa kwenye vikaango. Ilikuwa laini na wagonjwa walitembea. Baada ya miaka michache vikombe vile vikalika, unga wake ukaanza kuharibu mifupa, na wagonjwa wapatao 300 walikuwa wameshawekewa. Charnley hakuficha. Aliwafungua tena watu wake kuvitoa, na akajichoma vipande vya plastiki katika paja lake mwenyewe aone mwili unavipokeaje. Novemba 1962 akaanza na plastiki nyingine ngumu zaidi, na hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Sasa kama bwana yule alikuwa na maswali, mimi ni nani nisiwe nayo?

Na msiniambie kwamba hayo ni ya zamani. Mwezi Agosti 2010 kampuni ya DePuy ilizirudisha kutoka sokoni nyonga zake za aina ya ASR, tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma, baada ya watu wapatao 93,000 duniani kuwekewa. Vyuma vilisagana vikamwaga chembechembe ndani ya mwili, na wengi ilibidi wapasuliwe upya. Waliotangulia kuiona hatari hiyo ni pamoja na Waaustralia, kwa sababu wana daftari la taifa ambamo kila nyonga inayowekwa huandikwa aina yake na siku yake, na ikitolewa huandikwa vilevile. Malawi, jirani yetu asiyetuzidi utajiri, ilianzisha daftari la namna hiyo mwaka 2005. Kwa hiyo nilipoandika katika swali la nne, "Nyonga nitakayowekewa inaitwaje, imetengenezwa wapi, na je, nitapewa karatasi yenye jina na namba yake?", sikuwa najitia ujuzi. Kila kifaa hutoka kiwandani na vibandiko vyenye namba. Kimoja hubandikwa katika faili la hospitali. Naomba kingine kibandikwe katika daftari langu, kwa maana faili hupotea na hospitali huungua, na siku kampuni ikitangaza kwamba aina fulani ni mbovu, mimi nitajijuaje?

Maswali mengine yalikuwa ya kawaida, nami siyarudii kwa urefu. Nisipopasuliwa itakuwaje, na naweza kuvumilia kwa dawa na mkongojo mpaka lini? Kisu atashika nani, wewe au mwanafunzi wako? (Wanafunzi lazima wajifunze, siwakatai, nataka tu kujua ni nani atakayesimama kando yake.) Ni ganzi ya mgongo au nusu kaputi? Damu ikiganda mguuni mtaizuiaje? Bei mliyonitajia, chuma chenyewe kimo ndani yake au kinanunuliwa mbali? Mguu ukitoka mfupi kuliko mwenziwe, mtafanya nini? Mimi nami nilikuwa na ya kumwambia asiyoniuliza: vidonge ninavyokunywa, sukari yangu, na mizizi ninayochemsha, maana wapo wanaoificha dawa ya miti shamba mpaka mezani, na baadhi ya dawa hizo huzuia damu isikate.

Lakini yapo maswali ambayo hutayakuta katika kijitabu chochote kutoka Ulaya, na hapo ndipo ninapowalaumu wanaotupa vijitabu vile wakadhani wametuelimisha. Nilipewa kimoja. Kimenishauri nimuulize daktari lini nitarudi kucheza gofu. Gofu! Mimi ninakuna nazi. Mbuzi yangu ina urefu wa kigoda, na anayeikalia magoti yake hupanda juu kuliko kiuno. Sasa nyonga mpya, hasa ikiwekwa kwa kupitia upande wa nyuma, inaweza kuchomoka katika kikombe chake mguu ukikunjwa kupita pembe mraba na kupindwa kwa ndani, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika majuma ya mwanzo. Mwandishi wa kijitabu ameonya kuhusu makochi yaliyo chini sana. Hakufikiria mbuzi, wala mkeka, wala choo cha shimo ambacho mtu huchuchumaa mara kadhaa kwa siku na usiku. Hakufikiria sijda, wala kupanda daladala kwa mguu mmoja huku kondakta anagonga bati. Mgonjwa wa kijijini akitoka hospitali na nyonga ya thamani ya ng'ombe wake wote, kesho yake asubuhi lazima aende chooni. Nani kamwambia atachuchumaaje? Hakuna, kwa sababu hakuuliza, na hakuuliza kwa sababu ni aibu kumtajia daktari bingwa habari za choo.

Basi mimi nilizitaja. Daktari wangu kwanza alisema, "Mama, wewe niachie mimi." Nikamjibu kwamba nimemwachia nyonga, ila choo kitabaki kuwa changu. Akacheka, akavuta kiti. Tulichukua dakika kama 15. Aliniambia ninunue kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo kabla ya siku ya upasuaji, si baada; nisali juu ya kiti; nikienda sokoni nipande gari nikitanguliza mguu mzima. Kuhusu mbuzi alifikiri kidogo, akasema hajawahi kuulizwa. Kisha akashauri ipandishwe juu ya benchi, nami nikune nikiwa juu kuliko magoti yangu. Mambo hayo hayakuwamo katika kijitabu, na daktari aliyajua au aliweza kuyafikiria. Yalimngoja muulizaji.

Hapo watatokea wenye hoja nzito zaidi, nami sitaidharau: daktari bingwa mmoja, foleni mpaka getini, na wewe unataka dakika 15. Kweli madaktari hawatutoshi. Lakini dakika zinazopotea kliniki haziliwi na maswali yaliyoandikwa. Huliwa na mgonjwa anayejiumauma, anayekumbuka jambo lake akiwa ameshika kitasa cha mlango, na anayerudi juma lijalo kuuliza alichosahau. Mwenye daftari huuliza, huandika jibu, huondoka. Tena mwenye kuogopa foleni ajiulize: mgonjwa ambaye nyonga yake imechomoka kwa kuchuchumaa atarudi kupanga foleni ipi, kama si ile ile?

Na kama kuuliza ni dharau, basi wapasuaji wenyewe wanadharauliana kila siku. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuulizana kwa sauti ndani ya chumba cha upasuaji: mgonjwa huyu ni nani, anafanyiwa nini, upande gani, ana mzio wa dawa gani, vifaa vimehesabiwa? Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa yetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Swali la kwanza katika orodha hiyo huelekezwa kwa mgonjwa mwenyewe kabla hajalazwa usingizi. Yaani hao wakubwa wamekiri kwamba kinywa cha mgonjwa ni kifaa cha upasuaji, halafu sisi nyumbani tunamfunga kinywa hicho kwa jina la adabu.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona kisa. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili ambao majina yao ya kwanza yalifanana walibadilishwa: aliyekuja kwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuja kwa kichwa akapasuliwa goti. Nairobi nao, katika Hospitali ya Kenyatta mwaka 2018, walimfungua fuvu mtu ambaye siye, na damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta wasiione. Siwataji kuwacheka, watu walewale wameokoa maelfu. Nawataja kwa sababu swali langu la mwisho, lile lililomuudhi mpwa wangu kupita yote, lilikuwa hili: "Nani atautia alama mguu wangu wa kushoto kwa kalamu, na atautia nikiwa macho?"

Lipo jambo jingine, nalo linawahusu ndugu zetu kuliko madaktari. Mgonjwa akiwa mwanamke, au mzee, maswali huulizwa kwa niaba yake koridoni, na yeye huletewa habari zilizochujwa. "Daktari amesema utapona." Daktari hakusema hivyo, alisema mengi, mengine ya kutisha, na nyonga ni ya aliyelala kitandani. Ndugu aje, asikilize, asaidie kukumbuka, hata ashike kalamu ikiwa mkono wa mgonjwa unatetemeka. Asinisemee.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery, iliamua kwamba daktari anapaswa kumweleza mgonjwa kila hatari ambayo mtu mwenye akili timamu, akiwa katika hali ya mgonjwa huyo, angeiona ina uzito. Hiyo si sheria yetu, ingawa majaji wetu husoma hukumu za huko. Sisi bado tuna fomu ya ridhaa. Niliyopewa mimi ilikuwa ya Kiingereza kitupu, nikaletewa alfajiri, nimeshavaa joho la kijani, miwani yangu imewekwa kwenye mfuko wa nailoni na kupewa mtu wa nje. Niliomba miwani irudishwe, nikaisoma yote, muuguzi akitazama saa. Wangapi hawaombi? Fomu hiyo itolewe siku mbili kabla, iandikwe kwa Kiswahili, na chini yake iwe na mistari kumi ya maswali ya mgonjwa, daktari ayajibu na kutia sahihi yake chini ya majibu hayo kama mimi ninavyotia yangu chini ya ridhaa. Na mistari kumi ikiwa haitoshi, turuhusiwe kuambatisha daftari.