Acheni na sisi tuingie hewani

Tunaandika kutoka Nkanka, Rusizi. Leo hatuongelei chakula wala makaratasi. Tunaongelea redio. Si ile ya kusikiliza mpira, ni ile ya kuongea. Inaitwa redio ya ridhaa: mtu wa kawaida, asiyelipwa, mwenye leseni, anajenga chombo chake na kuongea na watu wa dunia nzima kwa sababu anapenda tu.

Wengi wetu tuliokulia Kivu tunaijua foni. Paroasi ilikuwa nayo, wenye ndege ndogo za porini walikuwa nayo. Foni ilikuwa simu kabla ya simu. Kule Haut-Uele, wakati LRA inasumbua raia, mitambo ya aina hiyo iliwekwa vijijini ili kijiji kimoja kionye kingine. Hiyo haikuwa ya ridhaa, lakini mawimbi ni yale yale. Yanapanda juu sana, yanagonga tabaka la hewa linalochajiwa na jua, yanarudi chini mbali kabisa. Hayahitaji mnara, hayahitaji megabaiti.

Maoni yetu ni haya: kila mahali vijana wakimbizi wanapopewa mafunzo, redio ya ridhaa iingie kwenye orodha pamoja na cherehani na sabuni.

Tunajua jibu la kwanza: hiyo ni anasa. Watu wanatafuta unga, nyinyi mnatafuta michezo? Sawa. Lakini tuangalie mchezo wenyewe unafundisha nini. Mwaka 2017 vijana wa redio kutoka nchi mbalimbali walikutana kambini Uingereza, kambi ya kiangazi si kambi kama zetu, na kwa ajili yao kampuni ya QRP Labs ilibuni redio ya kujijengea inayoitwa QCX. Iliuzwa dola 49. Ulikuwa unapewa sahani na vifuko vya rezista, kapasita na transista, unalehemu kimoja kimoja mpaka chombo kinaongea kwa Morse. Nguvu yake ni kama wati 5 tu, chini ya balbu nyingi za nyumbani, na hizo wati 5 zikipata siku nzuri zinafika Ulaya. Kijana aliyemaliza kazi hiyo anajua kusoma mchoro wa umeme, anajua kupima, anajua kutafuta kosa bila kukata tamaa. Kesho akikaa sokoni Kamembe kutengeneza simu na sola, hatakuwa anabahatisha.

Antena nayo si siri. Kwa bendi ya mita 20 unahitaji waya wa mita 10 hivi, umeukata katikati, mita 5 huku na mita 5 kule, umefungwa juu ya miti miwili. Hesabu ni kugawa 143 kwa masafa ya megahezi. Hiyo fizikia tuliiandika kwenye daftari shuleni tukaisahau baada ya mtihani. Ukiipandisha mtini kwa mikono yako, hutaisahau tena.

Halafu kuna mashindano. Kubwa kabisa linaitwa CQ World Wide. La sauti ni wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, la Morse ni Novemba. Saa 48. Unaita, mwingine anajibu, mnapeana ripoti ya usikivu na namba ya eneo lenu, unaandika kwenye daftari, unakwenda kwa mwingine. Rwanda na Kongo zote ziko eneo la 36. Ukimpata mtu wa bara lingine ni pointi 3, na kila nchi mpya na kila eneo jipya vinazidisha hesabu yako. Sasa sikilizeni vizuri: alama za Rwanda zinaanza na 9X, na hewani 9X ni adimu. Ikisikika, mamia ya watu wanaweza kuita kwa pamoja, Wajapani, Warusi, Wabrazili, kila mmoja anasubiri zamu yake. Yaani sisi tuliozoea kupanga foleni, siku hiyo dunia itapanga foleni kwetu. Nani atasema hilo halina faida kwa kijana anayejulikana kwa namba ya kadi tu?

Jibu la pili ni zito zaidi: usalama. Hapa hatufanyi utani. Kila mtu Rwanda anajua RTLM ilifanya nini mwaka 1994. Redio ilitumika kuua. Na sisi ni wakimbizi, mpaka uko ng'ambo ya ziwa. Mkimbizi mwenye antena juu ya nyumba, majirani watafikiri nini? Kwa hiyo tuseme wazi: hatuombi mtu afiche chombo cha kurushia chini ya kitanda. Atakayefanya hivyo atatuchafua wote.

Lakini tujue pia sheria ya mchezo huu. Kanuni za kimataifa zinakataza watu wa ridhaa wa nchi mbili kuongea kwa kificho. Unajitaja kwa alama yako, na yeyote mwenye kipokezi anakusikia. Mpelelezi gani atachagua njia kama hiyo wakati simu yake iko na WhatsApp?

Tena usalama una upande wa pili. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la 5.9 lilipiga huku kwetu, Rusizi na Bukavu. Upande wa Rwanda peke yake walikufa watu zaidi ya 30. Ardhi hii itatikisika tena, siku hatuijui. Siku hiyo minara ikianguka au umeme ukikatika, nani kwenye hivi vilima atakuwa na betri, waya na ujuzi wa kutuma ujumbe? Ujuzi haununuliwi siku ya msiba.

Kwa hiyo tunaomba twende pole pole. Kwanza kusikiliza tu, bila kurusha. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi ambacho yeyote anakisikiliza bure kwa intaneti. Kijana anaweza kuanza kuzoea sikio leo. Pili, kujenga vipokezi vidogo. Tatu, klabu ndani ya shule ya sekondari, wanafunzi Wanyarwanda na wakimbizi pamoja, mwalimu Mnyarwanda akiwa msimamizi, leseni ikiombwa RURA, MINEMA na UNHCR wakijua tangu siku ya kwanza. Chombo kibaki shuleni, ufunguo kwa mwalimu.

Tuko na vijana 10 walio tayari. Wanaojitolea Nyarushishi wamesema Jumamosi watapata nafasi. Kinachokosekana ni pasi 5 za kulehemia, mita moja ya kupimia umeme, na mkubwa mmoja wa kutusindikiza mpaka ofisini. Oktoba itafika tu, tukiwepo au tusipokuwepo. Sisi tunataka kuwepo.