Bahasha nyekundu

NENO LA ALHAMISI
Na Kavira Mwenge

Akiba haiozi, wahenga walisema. Yangu ilioza.

Ilikuwa noti ya dola 100. Niliitia ndani ya Biblia ya marehemu mama, kwenye kitabu cha Hesabu makusudi, nisije nikasahau ilipo. Biblia nikaiweka juu ya kabati, na kabati lenyewe limeegemea ule ukuta wa nyuma ambao mvua ya Butembo haijawahi kuuonea huruma. Nilipoifungua baada ya mwaka na nusu, noti ilikuwa na madoa ya kijivu na kona moja imelainika kama jani la chai lililokwisha chemshwa. Nikaipeleka kwa kambisti wa kubadili feza ninayemfahamu, kijana mwenye meza ndogo na mwavuli mkubwa. Akaiinua kwenye jua, akapitisha kidole ukingoni kutafuta mpasuko, kisha akainusa. Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuona feza ikinuswa.

"Mama Kavira, hii wataikataa Kampala."

Tulibishana mpaka tukafika dola 85. Ile 15 iliyobaki ndiyo ada niliyolipa kujifunza kwamba karatasi nayo huugua baridi yabisi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kuweka feza nyumbani ni ujinga. Wapo wataalamu wanaokuja kutufanyia semina, wanagawa kalamu na soda, wanatuambia tuache kuficha pesa chini ya godoro. Hawaulizi godoro lilianza lini. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa, mwenye nazo azibadilishe ndani ya siku chache. Baba yangu alikuwa Kisangani na mzigo wa maharage. Aliporudi, siku zilikuwa zimekwisha, na debe lake la mawese lililooshwa vizuri na kujazwa akiba ya miaka minne lilikuwa debe la karatasi. Sisi watoto tulizichezea duka. Mimi ndiye niliyekuwa muuzaji, na ninakumbuka nikimkatalia mdogo wangu mkopo huku mlangoni baba akituangalia, haongei.

Halafu ikaja 1993, zaire mpya moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Halafu 1998, franka moja kwa zaire mpya 100,000. Mwenye subira azidishe mwenyewe: franka moja ya leo ilizaliwa kwa zaire bilioni 300 za baba yangu. Na asiyetaka historia ndefu atazame Goma. Mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na mwenye akaunti akabaki na kitabu chenye tarakimu nzuri.

Ndiyo maana kwetu mtu akishika feza huigeuza haraka: matofali, mabati, mbuzi, kiwanja, dola. Na hao tunaowaita matajiri wa Butembo, ambao vitabu vimeandikwa Ulaya juu yao, walianza na maharage na mboga kabla ya kuagiza makontena ya Dubai na Guangzhou yapitie Mombasa na Kasindi. Mji huu haukujengwa na watu wasiojua kuweka. Asitokee mtu kutufundisha hilo.

Tunachokosa ni kingine, na najua nitapigiwa simu kwa kukisema. Hatujui kutoa.

Tunatoa sana, hilo halina ubishi. Watu waliokimbia vita Kanyabayonga mwaka 2024, kisha Lubero mwanzoni mwa 2025, wengi wao hawakulala chini ya hema. Walilala sebuleni kwetu, nane, tisa, na sufuria ikaongezwa maji. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, tulipokatazwa kukusanyika na hata kuwagusa wafu wetu, mchango wa matanga haukukoma. Ulipitia kwenye simu. Moyo upo. Lakini tunatoa kama mtu anayeendesha pikipiki usiku bila taa: kila shimo analiona akishalifikia.

Mwaka juzi nilinunua daftari, nikaandika kila franka iliyotoka mkononi mwangu kwa miezi mitatu. Sikuwa na nia njema sana. Nilitaka kumthibitishia mume wangu kwamba makala ya jikoni na mafuta ndiyo yanatumaliza. Daftari likaniumbua. Katika miezi ile mitatu kulikuwa na matanga 11, harusi 4, kipaimara 2, na wagonjwa ambao niliacha kuwahesabu. Jumla yake ilizidi ada ya shule ya watoto wote wawili walioko sekondari. Makala yalikuwa mbali sana nyuma.

Hata hivyo si jumla iliyoniuma. Kilichoniuma ni mistari miwili niliyoiandika kwa herufi ndogo: nilikopa mara mbili ili nichangie. Mara moja nilikopa kwa jirani, kwa ajili ya matanga ya mtu ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, kwa sababu orodha ilikuwa inasomwa kwa sauti na jina langu lilikuwa linakaribia.

Na kuna jambo ambalo daftari haliwezi kuandika. Mtu anayetoa bila kipimo hujifunza uongo. Nilikuwa nimezoea kusema "sina" nikiwa nazo, kwa sababu nikisema ninazo zitakwisha zote. Simu ya binamu ikilia, naiacha ilie. Mume anamficha mke, mke anamficha mume, na wote wawili wanamficha mama mkwe. Mtoto anatumwa mlangoni kusema mama hayupo, na mama yuko nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Nyumba nzima inageuka kituo cha ujasusi, na bado mwisho wa mwezi pesa haipo.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo inapendwa sana na wenye kuomba. Lakini tazameni zaka. Wako wanaoilalamikia, mimi silalamiki, kwa sababu ina kitu ambacho mchango wa matanga hauna: ina namba. Moja katika kumi. Ukishaitoa, umeitoa, na mchungaji hawezi kukupigia saa nne za usiku kusema imepatikana zaka nyingine ya dharura.

Nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nakikalia kila Jumapili bila kukiona. Kikundi chetu hukutana baada ya misa, uani kwa mama mmoja ambaye ana paa refu la kutukinga na mvua. Tuko 24. Sanduku la chuma linaletwa, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa mama watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mwenye nyumba linakolala. Kabla halijafunguliwa, Mama Prezidenti anauliza: mara ya mwisho tuliacha kiasi gani? Na wote tunajibu kwa pamoja, kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Wengine hawajui kusoma, lakini hiyo namba hakuna atakayewaibia. Mama wawili wanahesabu, wa tatu anapiga mhuri kwenye vitabu. Simu ikilia, faini.

Sanduku la namna hii limetoka mbali: wanawake wa Maradi, nchini Niger, walianza nalo mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE, na likatufikia hapa kwa jina la AVEC. Sisi tumelichanganya na utaratibu wa MUSO, ambao kwake mifuko ni mitatu na kila mmoja una rangi. Wa kijani ni wa akiba na mikopo. Unachotia humo ni chako, kitarudi na faida mwisho wa mwaka. Wa buluu ni wa pesa inayoingia kutoka nje ya kikundi. Wetu huo ni mwembamba, tena kuna panya aliyeuonja.

Wa tatu ni mwekundu. Huo ni wa msiba, moto, upasuaji. Kila mkutano kila mama anatia kiasi kilekile, kidogo, na kinachoingia humo hakirudi kwako. Si akiba wala si mkopo. Umeshakitoa siku ile ulipokitia, kabla hujajua nani atalia. Kanuni zimeandikwa: mume, mtoto, mzazi, kiasi fulani, kulazwa hospitali, kiasi fulani. Binamu wa mjomba wa jirani hayumo.

Nilikuwapo siku mmoja wetu alipofiwa na mtoto. Mama Prezidenti hakutoa hotuba. Alifungua, wakahesabu, akampelekea mikononi kile kilichoandikwa, na hakuna aliyetazama begi lake kuona kama ana kitu cha kuongeza. Tukakaa naye mpaka giza. Kwa mara ya kwanza katika msiba wa jirani nilikuwa namfikiria aliyefiwa, wala si mkoba wangu.

Basi nikaenda kununua bahasha nyekundu. Bahasha ya kawaida, ya khaki, nikaipaka rangi kwa kalamu ya mwanangu. Kila pesa inapoingia, kabla ya makala, kabla ya mafuta, natia humo sehemu yake. Kiasi gani? Hilo ni la kila nyumba. Sisi tulibishana jioni mbili, mume wangu akitaka kidogo na mimi nikitaka kingi, na tukaishia mahali ambapo wote wawili tulinuna. Kanuni ni moja tu: bahasha ikiwa na kitu, anayeomba anapata. Ikiwa tupu, ninasema ni tupu, na ninasema kweli. Ajabu ni kwamba sasa natoa mara nyingi kuliko zamani. Simu napokea.

Msomaji wa Beni ataniambia: haya ni ya watu wa mshahara na wa duka. Ni kweli kwa nusu. Bajeti ya mwezi ilibuniwa na mtu ambaye mwezi unamlipa. Mkulima wa kakao wa Mangina au Oicha hana mwezi, ana msimu. Na tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014 hana hata hakika ya msimu, kwa sababu kuna shamba ambalo linaivia mahali ambapo kwenda kuvuna ni kuaga nyumbani. Mtu wa namna hiyo akiuza mzigo na kunywea nusu ya pesa jioni ileile, mimi siwezi kumhubiria kesho. Kesho ameiona.

Lakini ninamjua mmoja, sitamtaja, aliyekimbilia Beni na bado analima kwa kuviziana na hatari. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda kama wazimu. Desemba ilivuka dola 12,000 kwa tani huko New York. Vijana wakanunua pikipiki, mahari yakapanda. Yeye alipouza, kabla hajafika nyumbani, alipita sokoni Kilokwa akanunua mchele, maharage, chumvi na sabuni za wiki kumi na nane, kwa sababu alihesabu ni wiki 18 mpaka mavuno mengine. Akapita shuleni akalipa ada ya muhula wote. Alifika kwake na pesa kidogo sana, na mke wake akamfokea kwa sababu alidhani ameibiwa. Bei ilipoanguka mwaka uliofuata, hata karibu na nusu, magunia yake hayakujua habari za New York.

Huyo hana daftari wala bahasha. Bajeti yake imerundikwa kwenye kona ya chumba, unaweza kuikalia. Nilipomuuliza kuhusu matanga, alinionyesha gunia moja la maharage lililofungwa kwa kamba ya rangi tofauti. "Hilo si letu," alisema. Nilicheka mpaka akashangaa.

Jumanne wiki hii, nikiwa ninaandika mistari hii, simu ililia. Ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko Beni, mtaa wa Mulekera. Sauti ya msiba unaijua kabla haijasema. Kwa mke wake wamefiwa na bibi.

"Pole sana, mdogo wangu. Ngoja niangalie bahasha."

"Bahasha gani, Yaya?"

Nikamweleza kwa kifupi. Nikahesabu akinisikia: franka 23,000, na zote nitamtumia sasa hivi, na baada ya hapo hakuna kitu mpaka mwezi ujao. Kimya kikawa kirefu. Nikafikiri amekasirika, au mtandao umekatika.

"Yaya," akasema hatimaye, "na za kutolea?"