TAHARIRI: MIZANI IFUNGWE SAA SITA



Msimu wa pamba unakaribia na kila mtu mawazo yake yako kwenye mizani. Hatulaumu. Lakini zipo siku nyingine ambazo tusipozibandika mapema ukutani hapa, zitatupita kama zilivyotupita mwaka jana.

Hapa Kolandoto tunaishi na chuo cha sayansi za afya, jirani na hospitali ya AICT. Vijana wanatoka mikoa ya mbali kuja kusomea uuguzi na utabibu. Na sisi? Tunawauzia karanga. Mtoto wetu akimaliza kidato cha nne anakimbilia machimbo ya Geita, na dada yake anaanza kuhesabiwa ng'ombe. Hatusemi machimbo hayana faida, wapo waliojenga. Ila huyo kijana nani alimwambia kwamba mlangoni pa chuo huulizwa kwanza Fizikia, Kemia na Baiolojia? Anayasikia hayo wakati Fizikia na Kemia alishaziacha kidato cha tatu, eti ni ngumu. Na mzazi je, anajua kwamba tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, fani za afya zikiwamo? Wengi bado tunasema mkopo ni wa chuo kikuu tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kamati iwaandikie wakubwa wa chuo barua, tena mapema. Tarehe 12 Mei ni Siku ya Wauguzi Duniani. Tuombe walimu wawili watatu wakae na watoto wetu wa sekondari, kuanzia kidato cha pili, na wazazi wao, waelezwe njia yote tangu masomo hadi ada.

Tarehe 13 Juni ni siku ya uelewa kuhusu ualbino. Siku hiyo isitupite kabisa, jamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino huko Bukombe, ambako wakati ule kulikuwa mkoa wetu huu wa Shinyanga. Buhangija, hapo karibu tu, watoto walikusanywa shuleni kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa salama. Wataalamu waje watueleze habari ya ngozi, jua na macho, na watu wenye ualbino wenyewe wapewe nafasi ya kusema.

Halafu Novemba 25 hadi Desemba 10 ni siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Hapo tuombe mdahalo mmoja tu: macho mekundu ya bibi yanatokana na nini? Muuguzi atakwambia ni moshi wa kuni na samadi wa miaka hamsini. Wapo vikongwe waliouawa mkoani humu kwa macho hayo.

Sasa ugomvi uko hapa. Mei na Juni ndiyo miezi ya kupima pamba. Tunaomba tarehe 12 Mei na 13 Juni mizani ifungwe saa sita mchana. Mwenzetu mmoja amekwisha kunung'unika kwamba atapata hasara. Hasara gani? Pamba haiozi kwa nusu siku, na Juni mvua hakuna.

Hoja hii italetwa mkutano ujao. Mwenye kuipinga aje aseme mbele ya wote, asiseme kilabuni. Wenye watoto kidato cha pili na cha tatu waandikishe majina kwa katibu kuanzia leo.